Chai Kabla ya Chaki

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mwisho wa jengo la utawala, na kwa miezi ya kwanza hakuna aliyeingia humo kwa kupenda. Kibao cha mlangoni kilisema Ofisi ya Mpango wa Mageuzi. Wafanyakazi wa kinu cha pamba walikibatiza upesi: Ofisi ya Panga. Siwalaumu. Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa limeingia, na kwa mtu wa mshahara neno mageuzi lilikuwa na maana moja tu, nayo ni kupunguzwa. Leo unasikia kiwanda fulani mjini kimefungwa, kesho shirika fulani limeuzwa, keshokutwa unamwona jirani yako wa Mirongo yuko kibarazani saa nne asubuhi, hajavaa viatu na hana haraka. Watu walipopita mlangoni kwetu walipunguza sauti kama wanaopita chumba cha mgonjwa.

Tulikuwa wawili tu, mkuu wa ofisi na mimi, karani wake na mpiga chapa. Yeye alikuwa mtu wa Ukerewe, mwembamba, mpole mpaka akaudhi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuajiriwa na chama chetu cha ushirika, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu. Ushirika ulimpeleka kwenye kozi ya uongozi wa miradi, akarudi na boksi la chaki za rangi na imani kubwa. Mimi nimezaliwa na ulimi mwepesi na subira fupi. Sijui ni nani aliyeona kwamba tutafaana.

Kazi tuliyopewa ilielezeka kwa sentensi moja. Kwa muda mrefu ushirika wetu ndio uliokuwa mnunuzi pekee wa pamba ya wakulima wa sehemu zile, na sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wanaingia vijijini na malori yao na wanalipa papo hapo. Bodi ikaamua: kinu chetu cha kuchambulia pamba, kile kilichokuwa ufukweni ukishapita Butimba, kama hakitakuwa kinazunguka siku msimu unapofunguliwa, kitakodishwa kwa mnunuzi binafsi, na yeye atakuja na watu wake. Ofisi yetu iliundwa ili idara zote zifike siku hiyo kwa pamoja: stoo, usafiri, fedha, idara ya vyama vya msingi vya wakulima, na chumba cha injini. Hatukuwa na mamlaka ya kumwamuru mtu hata asogeze kiti. Tuliweza kuuliza tu, na kuunganisha watu. Swali la Mwalimu lilikuwa lile lile kila siku, mpaka watoto wa nyumba za kinu wakaliimba wakiruka kamba: "Nani anamngoja nani?"

Na fundi mkuu wa injini alikuwa baba yangu.

Niseme kuhusu injini hiyo, maana nimekulia pembeni yake. Ilikuwa dizeli kubwa ya tangu enzi za mkoloni, gurudumu lake refu kuliko mtu, ikizungusha kinu kizima kwa mikanda ya ngozi iliyopita chini ya sakafu. Wanawake waliofua ziwani walijua saa kwa kuisikia. Sisi watoto tulishindwa kulala ikizimwa. Nyumba yetu, chumba na sebule chini ya bati, ilikuwa mali ya kinu, na ilikuwa yetu kwa sababu baba alikuwa fundi wa injini. Mama alizoea kusema kwamba ameolewa mke wa pili, mke mkubwa ananguruma kule. Baba alicheka kila aliposikia hivyo, na hakukanusha.

Mkutano wetu ulikuwa kila Jumatatu. Mwalimu alichora ubao mzima, kila idara mstari wake. Kazi ikienda sawasawa alipaka chaki ya kijani, ikisuasua njano, ikikwama nyekundu. Wakuu wa idara walikaa kwenye benchi, Mwalimu akaanza kuwazungukia.

"Usafiri, habari?"

"Nzuri, Mwalimu."

Kijani.

"Stoo?"

"Nzuri tu."

Kijani. Na baba yangu, mikono magotini, akijibu kwa Kiswahili chake cha Kisukuma ambacho hakikuwahi kupatana na herufi r: "Injini nzuli, Mwalimu." Kijani.

Ndani ya nusu saa ubao wetu ulikuwa umependeza kama shamba la mpunga. Mwalimu alifurahi. Mimi nilipiga chapa taarifa ya bodi nikijiona nimo kwenye ofisi bora kuliko zote Mwanza. Wiki ya tatu hivi, mkutano ulipokwisha, mkuu wa usafiri alisimama nami nje akiwasha sigara, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Ila malori mawili hayana giaboksi."

Nilimwita Mwalimu pale pale. Naye, kwa upole wake ule, akamuuliza mbona hakusema ndani.

"Mwalimu, ulikwishaandika kijani," akajibu. "Ningekukatizaje?"

Mwalimu akageuka, akautazama ubao kupitia mlangoni. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Aliona kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya. Sisi ni watu wa nzuri kwanza. Ukikutana na mtu anatoka msibani, unamuuliza habari za huko, anajibu nzuri, anavuta pumzi, ndipo anasema: ila mjomba ndiyo tumeshamzika. Hakuna mwenye adabu zake anayemtupia mwenzake habari mbaya usoni kabla salamu haijakaa. Mwalimu aliyajua hayo tangu tumboni mwa mama yake, lakini kozi ilimtia haraka. Alikuwa akisikia nzuri, anapaka rangi, anahamia kwa mwingine, na zile ila zote zilibaki mdomoni mwa watu.

Jumatatu iliyofuata akatangaza kwamba chaki haitashikwa kabla ya chai. Nikajua chai hiyo nitachemsha mimi, nikamwambia waziwazi kwamba sikusomea kupiga chapa ili nikawe mama ntilie. Akasema sawa, akachemsha mwenyewe kwenye stovu ya mafuta ya taa. Ilikuwa chai mbaya mno. Majani alitia kama anayemwagilia bustani, na maziwa yaliungua. Mkuu wa stoo, mama mmoja mnene mwenye huruma, alikunywa nusu kikombe, akaweka chini, akasema, "Mwalimu, wiki ijayo nitaleta tangawizi na mkono wangu mwenyewe."

Lakini ile chai mbaya ilifanya kazi. Watu walisalimiana sawasawa. Waliulizana habari za wagonjwa, za ng'ombe, za watoto waliofanya mtihani. Vikombe vilipofika katikati, ila zikaanza kutoka moja moja, kama kuku wanaotoka bandani. Malori hayana giaboksi. Magunia yaliyoletwa ni ya mahindi, yatachafua pamba. Katibu wa chama fulani cha msingi ameanza kula chakula cha mchana kwa mnunuzi binafsi. Mwalimu hakumgombeza mtu. Aliuliza tu nani anamngoja nani, na mara nyingi aliyengojwa alikuwa amekaa benchi lile lile, na jambo ambalo lingezungushwa kwa barua mwezi mzima likakwisha kabla birika halijapoa. Ubao ukajaa njano na nyekundu. Bodi ikashtuka. Mwalimu akawaambia kwamba sasa ndipo kazi imeanza kwenda vizuri, na nadhani walifikiri ameugua.

Mstari mmoja tu ulibaki kijani. Kila wiki baba alikunywa chai yake, akafuta mdomo, akasema, "Injini nzuli."

Nilijivuna. Nani asingejivuna? Wenzake wote wanalia, baba yangu peke yake kazi yake iko sawa. Nilimtania mkuu wa usafiri kwamba aje achukue mafunzo nyumbani kwetu. Lakini nyumbani nilianza kuona mambo. Baba alikuwa akila kidogo. Jumapili alipaswa kuwa kanisani, yuko chumba cha injini. Mama alimwekea maji ya kuoga, yakapoa, akayapasha, yakapoa tena. Nilimuuliza habari za kazi, akasema nzuri, nami nikangoja, maana siku zile nilikuwa nimejifunza kungoja. Hakuna kilichofuata.

Jumapili moja jioni Mwalimu akaja nyumbani kwetu, amevaa shati jeupe. Baba alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, Mwalimu. Kalibu, kaa."

Mama akaleta michembe ya viazi vitamu, ya moto, na chai, ya kwetu, iliyochemka kama chai. Wakazungumza. Jamani, wale wawili walizungumza! Walianza na mvua za Ukerewe, wakaja mihogo, wakaja bei ya ng'ombe kule Magu, wakamsema vizuri marehemu mmoja ambaye mimi nakumbuka alikuwa mwizi. Nilikaa mlangoni nakuna mguu kwa kukosa subira. Michembe ikaisha. Mazungumzo yakaisha. Mwalimu akanyamaza, na alikuwa na kipaji cha kunyamaza bila kumbana mtu, amekaa tu, ametazama ziwani.

"Ila," baba akasema.

Mama aliacha kukusanya sahani.

"Ila injini imepasuka tumboni. Niliziba, ikapasuka pengine. Nikaziba tena."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu masika. Nikisema, bodi watasema kinu kimekufa, kikodishwe, na watu wote hawa watoke. Nikinyamaza, labda Mungu ataisaidia ifike."

"Itafika?"

Baba alitazama mikono yake. "Haifiki."

Mama akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akaondoka na sahani. Mimi nilikasirika, lakini hasira yangu haikujua iende kwa nani. Kumbe baba alikuwa amebeba kinu kizima miezi yote ile kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, hawezi hata kugeuza shingo kumwomba mwingine amtue. Mwalimu hakuandika kitu. Aliuliza swali moja tu wakati wa kuaga: kama baba angependa aliseme yeye mwenyewe kesho, au asemewe.

"Nitasema," baba akajibu.

Kesho yake alikunywa chai mpaka tone la mwisho, akasimama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika mikutano yetu.

"Injini imepasuka. Haifiki mwisho wa msimu. Hata kuufungua, sidhani."

Mkuu wa usafiri akaruka. "Mzee! Wiki zote hizi ubaoni kijani!"

"Chaki si yangu," baba akasema, na baadhi yao wakacheka kwa woga. Kila mmoja pale alikuwa na nyumba ya kinu au mtoto shuleni kwa mshahara wa kinu, na kufungua msimu kulikuwa kumebakiza wiki chache. Niliwatazama, nikangoja wamrukie baba yangu. Nilikuwa tayari nimeshakunja mikono.

Mwalimu akasema, "Haya. Nani anamngoja nani?"

Mama wa stoo ndiye aliyeanza. Alisema kule ng'ambo ya ghuba, kwenye kinu chetu kingine kilichofungwa, mota za umeme zipo, alizifunika turubai kwa mikono yake. Mkuu wa usafiri akasema lori analo, ila kivukoni lazima wafike alfajiri, foleni ni ndefu. Mtu wa fedha, ambaye kwa kawaida ungempa wiki mbili ajibu salamu, akasema nguzo za umeme zimefika barabarani na kesho yeye mwenyewe atakwenda shirika la umeme kuomba waya uvutwe, hatatuma mtu. Na mgao je? Tutachambua saa ambazo umeme upo, akasema mwingine, hata kama ni usiku. Mtu wa vyama vya msingi akaahidi kuzungumza na wakulima wa mbali walete pamba wiki ya pili, kinu kipate nafasi ya kuzoea. Nilikuwa naandika kwa kasi mpaka kidole kikauma. Sijawahi tena kuona watu wakigeuka upesi namna ile. Miezi mingi waliogopa mageuzi, na siku yalipowakalia kooni wakayafanya kati ya kikombe cha kwanza na cha pili.

Mwalimu alichora mistari mipya: mota, kivuko, waya, mafunzo. Ubao ukajaa. Palibaki mstari mmoja wa zamani katikati, ule wa injini, na hapakuwa na nafasi nyingine. Akasimama na kitambaa mkononi. Akageuka kwa baba.

"Mzee, nifute?"

Ndipo nikaelewa, nikiwa na kalamu hewani. Kinu cha mota hakina injini, na kisicho na injini hakina fundi wa injini. Nilimtazama baba, nikaona kwamba yeye alikuwa ameshaelewa tangu jana, tangu kabla ya jana. Ile ndiyo iliyokuwa ila yake ya ndani, na hakuisema.

"Futa," baba akasema.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbio. Mota zilivushwa, moja ikakataa kuingia mlangoni, ukuta ukabomolewa. Baba alifanya kazi kuliko wote. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba wasaidizi wake wafundishwe mota na wabaki kazini. Mwalimu alipanda na kushuka ngazi za bodi kwa ajili hiyo mpaka viatu vikaomba msamaha, na wasaidizi wakabaki. Alimwombea baba pia. Bodi ikasema umri wake wa kustaafu umekaribia, apumzike siku msimu unapofunguliwa, nyumba akae mpaka msimu uishe.

Barua ilikuwa tayari, nami ndiye niliyepaswa kuipeleka. Mwalimu akaikunja akaitia mfukoni, akaenda mwenyewe kwa miguu. Alisema kama ofisi yake imesababisha jambo, basi ofisi yake ndiyo ikalitamke uso kwa uso. Aliporudi nilimwambia maneno ambayo karani hamwambii mkuu wake.

"Mwalimu, tumemla mtu wetu."

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea. Alikaa, akavua miwani, akapangusa macho, nami nikashindwa kuendelea kumchukia, ingawa nilijitahidi sana mpaka jioni.

Nyumbani bado nilikuwa nafoka. Baba aliniita mama kwa Kisukuma, kama anavyoniita tangu utotoni kwa heshima ya mama yake.

"Mayu, usimgombeze Mwalimu. Niliposema futa, nilijua nafuta nini."

Siku ya kufungua msimu nilikuwa getini na makaratasi ya kupokea pamba. Saa mbili mota ziliwashwa, na kinu kikaanza kuzunguka kwa mvumo mdogo, laini, kama nyuki. Watu walipiga makofi. Mwalimu alikuwa amesimama peke yake, ameshika kikombe kitupu. Malori ya ushirika yakaingia, na nyuma yao, amini usiamini, lori la mnunuzi binafsi mmoja likaja kuuliza kama tunaweza kumchambulia na yeye kwa malipo.

Baba alikuwa amekuja na shati lake la kanisani. Hakuwa na kazi pale. Alisimama kando ya geti akitazama, na mimi nilijifanya nahesabu makaratasi ili nisimtazame. Mkulima mmoja akafika na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba mpaka juu, mzee anayetufahamu tangu zamani. Akasimamisha ng'ombe, akategea sikio kwenye kinu, uso wake wote ukang'aa.

"Mwangaluka, fundi! Mwaka huu umeitengeneza kwelikweli! Injini hata haisikiki!"

Nilifungua mdomo nimweleze. Baba akaninyooshea kiganja, ninyamaze.

"Nimeipumzisha, ndugu yangu," akasema.

"Wabeja sana, fundi. Wabeja."

Nilimpenda baba yangu siku zote, lakini kama pale getini, hapana, sijawahi kumpenda hivyo tena. Alipokea shukrani ile kwa mikono miwili, kwa niaba ya mota, na kivuko, na chai mbaya, na sisi sote. Kisha akashika kamba ya ng'ombe wa mbele, akawaongoza taratibu mpaka kwenye mizani, akasimama nao kwenye foleni.